Je, wajua kwa nini mtu asiyenunua soda anaweza kukidai kiwanda?

Nenda soko la Mwanjelwa, Mbeya, umtazame mama anayenunua mchele. Haulizi bei kwanza. Anazamisha mkono kwenye gunia mpaka kiwikoni, anatoa punje za chini, anazipuliza vumbi, ananusa kama kweli ni za Kyela, kisha anatafuna mbili tatu. Akiridhika ndipo anapoanza kuvutana na muuzaji kuhusu bei. Mama huyohuyo akihamia duka la pili kununua siagi ya karanga, anachukua kopo lililofungwa, analipa, anaondoka. Hakuonja wala hakunusa, kwa sababu kopo limefungwa ili lisifunguliwe kabla ya kufika nyumbani.

Hapo ndipo sheria ya wajibu wa mtengenezaji inapoanzia, na kisa kilichoifanya iwe kama tunavyoijua leo kilimhusu konokono.

Tarehe 26 Agosti 1928, mwanamke aitwaye May Donoghue aliingia kwenye mgahawa mmoja mjini Paisley, karibu na Glasgow huko Uskoti. Rafiki yake alimnunulia soda ya tangawizi. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi kisichoonyesha kilichomo. Alikunywa kiasi, na rafiki yake alipomimina iliyobaki, kwa maelezo yake, akatoka konokono aliyekwisha kuoza. Bi Donoghue aliugua tumbo, akataka kulipwa fidia.

Lakini amdai nani? Kwa fikra za wakati ule, mtu aliyeuziwa kitu kibovu alimdai aliyemuuzia, kwa sababu wao wawili ndio waliopatana. Yeye hakupatana na mtu yeyote. Rafiki ndiye aliyelipa, na rafiki hakuugua. Mwenye mgahawa naye aliipokea chupa ikiwa imefungwa, akaifungua mbele ya mteja. Kwa hiyo Bi Donoghue aliruka mgahawa akamshtaki mtengenezaji wa soda, David Stevenson. Wengi waliona hana kesi. Tarehe 26 Mei 1932 Bunge la Malodi, lililokuwa ngazi ya mwisho ya rufaa, likaamua kwa majaji 3 dhidi ya 2 kwamba anayo.

Jaji Atkin, mmoja wa wale watatu, aliegemea swali ambalo kila aliyesoma Injili ya Luka analikumbuka: jirani yangu ni nani? Akajibu kwamba, kisheria, jirani yako ni yule ambaye ungepaswa kumfikiria unapofanya jambo, kwa kuwa linaweza kumdhuru. Kisha akagusa jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Mtengenezaji anapotoa bidhaa akikusudia imfikie mlaji kama ilivyotoka kwake, bila nafasi ya kuikagua njiani, anawajibika kwa huyo mlaji moja kwa moja. Ukimziba mtu macho, unabeba wajibu wa kumwangalilia. Watu wetu wana msemo wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na kwa kawaida anayelaumiwa ni mnunuzi kwa kutolifungua. Kwenye bidhaa iliyofungwa, lawama inarudi kwa aliyefunga gunia.

Uamuzi ule si sheria iliyotungwa Dodoma, lakini mahakama zetu zilirithi mfumo wa sheria wa Kiingereza na zinautumia msingi huo katika madai ya uzembe. Juu yake kuna Sheria ya Ushindani ya 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), ambayo inagusa pia usalama wa bidhaa na wajibu wa watengenezaji. Kuna na Sheria ya Viwango ya 2009 ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambayo tangu 2019 imebeba pia usalama wa chakula na vipodozi.

Watu wakisikia neno "mtengenezaji" hufikiria jengo kubwa lenye bomba la moshi. Mimi nafikiria kikundi cha akina mama pale Uyole wanaosaga karanga na kubandika lebo. Nao ni watengenezaji, na hatari yao ina jina: sumukuvu. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara waliokula mahindi yaliyochafuliwa. Ukungu unaoitoa huota kwenye karanga na mahindi yasiyokauka vizuri, na sumu yenyewe haimalizwi na kukaanga wala kuchemsha. Kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 tu kwa kilo, kwa aina zote za sumu hiyo zikijumlishwa. Kwa hiyo usalama wa kopo lile unaamuliwa kabla ya mashine kuwashwa: kwenye turubai la kuanikia, na kwenye ungo, pale mama anapotoa karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu. Zikishasagwa, hakuna jicho la mteja litakaloziona tena. Ndiyo maana namba ya toleo kwenye lebo si urembo. Tatizo likitokea, unarudisha makopo ya siku ile moja badala ya kuzika biashara nzima.

Wajibu huu unaweza kuhama mkono, na hapa ndipo naogopa zaidi. Wakulima wa viazi wa Njombe na Uporoto hupulizia dawa ya ukungu mara nyingi msimu wa mvua. Dawa ikitoka kiwandani ina lebo yenye kipimo, onyo, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Muuza pembejeo anayeimimina kwenye chupa ya maji ya kunywa ili amuuzie mtu kidogokidogo ameyatupa maelezo yote hayo. Mtoto akiinywa akidhani ni maji, kiwanda kitasema, na kwa haki, kwamba hakikuitoa hivyo. Aliyefungua na kufunga upya ndiye atakayeulizwa.

Kibandiko cha "mali ikishauzwa hairudishwi" hakimwokoi muuzaji wa kitu chenye kasoro, hata kikiandikwa kwa herufi kubwa namna gani.

Kinachomwangusha mlalamikaji mara nyingi ni ushahidi. Konokono wa Paisley mwenyewe hakuwahi kuthibitishwa mahakamani: Stevenson alifariki kabla ushahidi haujasikilizwa, na shauri likaisha kwa mapatano. Kwa hiyo ukikuta kitu ndani ya chupa, usiimwage kwa hasira. Ifunge, iweke mahali pa baridi, tunza kizibo, lebo na risiti, na ukiugua hakikisha cheti cha hospitali kinaandika ulichokula na lini. Ukaripoti TBS au FCC mapema. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3, na ile soda haitakaa kama ilivyo kwa muda huo.