Kumlipa mtu akupangie makaratasi ya hospitali: maswali na majibu

Anayeishi na kisukari, sikoseli, ugonjwa wa figo, moyo au saratani hulimbikiza karatasi kuliko mtumishi wa serikali anayefuatilia mafao yake. Kadi ya kliniki, daftari la maelezo ya daktari, fomu za rufaa, majibu ya maabara, filamu za X-ray, CD za CT-scan, risiti, karatasi za dawa: vyote vimesokomezwa kwenye bahasha moja ya kaki iliyochanika pembeni. Maswali yaliyo hapa chini ni yale ambayo wagonjwa na ndugu zao hutuuliza wauguzi mara kwa mara.

Sista, watoto wangu wamesoma. Kwa nini nimlipe mtu baki kazi ya kupanga karatasi?

Kama watoto wana nafasi, na wewe huna cha kuwaficha, usimlipe mtu. Lakini tuseme ukweli. Mtoto anakuja Jumamosi, anamwaga karatasi zote mkekani, anapanga robo yake, simu inaita, anaondoka. Jumapili unazirudisha zote kwenye bahasha zikiwa zimechanganyika kuliko zilivyokuwa.

Na wewe mwenyewe huwezi, wala si uvivu. Anayesafishwa damu kwa kawaida huenda mara tatu kwa wiki, na kila mara huchukua kama saa nne. Akirudi nyumbani anataka kitanda tu. Upungufu wa damu unachosha. Kisukari kinaweza kuharibu macho mpaka maandishi madogo ya maabara yasisomeke. Baadhi ya waliopata dawa za saratani hulalamika kwamba kumbukumbu zimekuwa nzito kwa miezi kadhaa.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalisemi mbele za watu. Ndugu hasomi karatasi akanyamaza. Ataisoma, kisha atauliza: “Kumbe hiki ulipima mwaka juzi, mbona hukutuambia?” Jioni shangazi wa Tanga ameshajua. Mtu wa kulipwa unaweza kumwekea masharti. Unaweza kumwambia bahasha hii ya kijani usiifungue, naye asinune. Kwa maoni yangu hiyo pekee inatosha kuwa sababu ya kutoa hela.

Nimtafute wapi? Sijawahi kusikia mtu mwenye kazi ya namna hiyo.

Ni kweli hutakuta kibao mlangoni. Lakini watu wenye ujuzi huo wapo. Kuna waliosomea utunzaji wa kumbukumbu, kwa mfano katika Chuo cha Utumishi wa Umma, na wengi wao wanatafuta vibarua wakisubiri ajira. Kuna makarani wastaafu wa masjala. Hao ndio ninaowapenda kuliko wote, kwa sababu wamezoea faili, wanajua kuandika namba, na miaka yote wamefundishwa kufunga mdomo. Kuna wauguzi wastaafu, ambao wanausoma mwandiko wa daktari kama wanasoma gazeti. Ubaya wa muuguzi mstaafu ni mmoja: ataanza kukushauri dawa. Mwambie mapema kwamba hukumwita kwa hilo.

Usimchukue mtu aliyekufuata koridoni hospitali akasema anajuana na watu wa ndani. Huyo ni kishoka. Anataka kadi yako ya bima au hela ya “kusukuma faili”, wala kupanga karatasi hakumo katika hesabu zake.

Kabla ya kumkabidhi kitu nyeti, mpe jaribio: risiti za dawa za mwaka mmoja tu, azipange kwa tarehe. Ukiona ameweka mwezi wa tatu baada ya wa tano, au amekaa saa nzima anachati, mshukuru, mlipe siku yake, aende.

Nimlipe kwa mwezi?

Hapana. Mlipe kwa kazi au kwa siku, mkubaliane kabla, muandikiane kwenye karatasi moja: anafanya nini, lini anamaliza, kiasi gani. Faili likishakaa sawa, kinachobaki ni kuja mara moja baada ya kliniki kuingiza karatasi mpya.

Akifika aanzie wapi? Zangu ni za zaidi ya miaka kumi.

Aanze na kuchambua, asianze na kununua mafaili. Karatasi zote zitandazwe, zigawanywe kwanza kwa aina: maelezo ya daktari na karatasi za kuruhusiwa wodini, majibu ya maabara, picha na ripoti zake, dawa, rufaa na bima, risiti. Zikishagawanyika hivyo ndipo kila fungu lipangwe kwa tarehe, ya karibuni zaidi ikae juu. Daktari anayekuona leo anataka kujua hali ya mwezi uliopita kabla ya kujua ya mwaka 2014.

Wengine hupenda kupanga kwa hospitali: za zahanati peke yake, za hospitali ya mkoa peke yake, za Muhimbili au Bugando peke yake. Sishauri. Ugonjwa ni mmoja hata kama milango ni mingi, na ukipanga hivyo utashindwa kuona kwamba kipimo kilekile kimerudiwa sehemu tatu na kinapanda kila mara. Kinachotakiwa ni ukurasa mmoja wa mbele wenye namba yako ya faili ya kila hospitali.

Msaidizi aangalie majina. Hili linawatesa watu sana. Kwenye kitambulisho cha NIDA umeandikwa majina matatu, kwenye kadi ya kliniki mawili, kwenye majibu ya maabara karani amekuandika kwa jina la utani la mtaani. Kila karatasi yenye jina au tarehe ya kuzaliwa tofauti iwekwe alama, ili ukaombe irekebishwe kulekule ilikotoka. Asiirekebishe yeye kwa kalamu. Karatasi ya hospitali iliyofutwafutwa nyumbani inaonekana ya kughushi hata kama nia ilikuwa njema.

Zipi zitupwe?

Kopi ya tatu ya karatasi ileile, na vikaratasi vya namba za foleni. Basi. Majibu ya biopsi (kinyama kilichokatwa mwilini kikapimwa), ripoti za upasuaji, karatasi za kuruhusiwa wodini, kumbukumbu za kuongezewa damu na za chanjo hazitupwi kamwe. Kadi inayoeleza valvu au betri ya moyo uliyowekewa nayo haitupwi, kwa sababu kuna siku utatakiwa kupimwa MRI na wataalamu watataka kujua ni kifaa cha aina gani kabla hawajakuingiza.

Karatasi zile laini zinazotoka kwenye mashine ndogo, kama risiti na baadhi ya vipimo vya umeme wa moyo, hufutika kwa joto na mwanga. Zitolewe kopi mapema. Na tafadhali zisipelekwe kupigwa laminesheni: joto la ile mashine linaigeuza karatasi nzima kuwa nyeusi. Filamu za X-ray zisikunjwe, zisiwekwe juu ya friji wala karibu na jiko.

Majibu ya maabara ni mengi mno. Si anaweza kuyaandika yote kwenye jedwali moja?

Anaweza, na hapo ndipo hela yako inapozaa matunda. Jedwali la mistari michache, safu moja kwa kila tarehe: sukari, HbA1c, kreatini (kipimo cha figo), wingi wa damu, au vile vinavyohusu ugonjwa wako. HbA1c inaonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, kwa hiyo ukiziona nne au tano zimepangana, daktari anasoma mwaka mzima kwa jicho moja. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, aandikiwe INR (kipimo cha kasi ya damu kuganda) na dozi aliyokuwa akinywa siku hiyo, maana INR bila dozi haisaidii kitu.

Ila kuna mtego, nao ni vipimo kuandikwa bila vizio vyake. Maabara moja inatoa sukari kwa mmol/L, nyingine kwa mg/dL. Sukari ya 7 kwa kizio cha kwanza ni sawa na 126 kwa cha pili. Kreatini ya 1.2 kwa mg/dL ni kama 106 kwa µmol/L. HbA1c ya asilimia 7 inaweza kuandikwa 53 kwa mmol/mol. Msaidizi asiyejua ataandika 1.2, halafu chini yake 106, na wewe usiku hutalala ukidhani figo zimekufa. Sheria iwe hii: kila namba inakopiwa pamoja na kizio chake na viwango vya kawaida vya maabara hiyo, kama vilivyochapwa. Asibadilishe, asikokotoe, asizungushie kwa wino mwekundu anachodhani ni kibaya.

Na dawa?

Achukue maboksi na pakiti zote ulizonazo ndani, zikiwemo zilizo chini ya mto, aandike jina la asili la dawa, nguvu yake kwa miligramu, unakunywa mara ngapi, aliyekuandikia na tangu lini. Jina la asili ni lile linaloandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la kibiashara. Kwa kazi hii tu, watu hugundua kwamba wamekuwa wakinywa dawa moja mara mbili: Lasix ya hospitali hii na furosemide ya hospitali ile ni kitu kilekile. Akiona hivyo, asikwambie uache. Aandike swali kwenye karatasi, wewe umpigie mfamasia au daktari siku hiyohiyo.

Dawa za asili ziandikwe pia. Najua hutaki daktari azione. Ziandikwe.

Nina VVU na nyumbani hakuna anayejua. Huyu mtu si ataona kila kitu?

Ataona unachomwonyesha. Toa kwanza kadi ya CTC (kliniki ya VVU) na majibu yote yanayohusiana nayo, weka kwenye bahasha yako, ibaki kwako. Hiyo sehemu unaweza kuipanga mwenyewe taratibu au kwa msaada wa mshauri wa kliniki yako. Kumbuka tu kwamba orodha ya dawa inasema mengi bila kutaja ugonjwa, kwa hiyo dawa hizo nazo ziwe kwenye karatasi yako ya pembeni, ambayo daktari lazima aione.

Kisheria, Tanzania ina Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inayolinda usiri wa majibu ya kipimo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kenya wana Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Ni vizuri kuzijua, lakini siri ikishatoka, sheria haiirudishi. Kwa hiyo kazi ifanyike nyumbani kwako, ukiwepo, na karatasi halisi zisitoke nje ya mlango. Asipige picha kwa simu yake; atumie yako. Asitume kitu WhatsApp.

Steshenari ndiko siri nyingi zinakovujia. Kijana anaskani, faili linabaki kwenye kompyuta ya duka, na anayefuata kutoa kopi ya CV anaiona hepatitisi yako kwenye skrini. Ukilazimika kwenda huko, nenda na flashi yako, simama hapohapo, na umwambie afute mbele yako, na kwenye pipa la takataka la kompyuta pia.

Anaweza kwenda hospitali au ofisi ya bima kwa niaba yangu?

Kuulizia utaratibu, ndiyo. Kuchukua majibu au nakala za faili, hospitali ina haki ya kumkatalia. Wengi watataka barua yako ya idhini yenye saini, nakala ya kitambulisho chako na cha kwake, na maelezo ya karatasi gani hasa anakuja kuchukua. Usiandike “apewe kila kitu”. Andika kitu na tarehe.

Kadi ya bima haiazimwi, hata kwa saa moja. Ikitumika kwa matibabu ya mtu mwingine, huo ni udanganyifu, na wa kwanza kuulizwa ni mwenye jina. Namba ya siri ya simu ya malipo nayo ni yako. Akihitajika kulipa, akuletee kontrolo namba, ulipe mwenyewe.

Sina hela ya kumlipa mtu.

Nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali yako. Anaweza kukusaidia na karatasi zinazohusu msamaha wa matibabu na rufaa. Kwa zilizobaki, omba mtu wa kanisani au msikitini unayemwamini kwa masharti yaleyale niliyoyataja. Kutolipwa hakumpi ruhusa ya kusimulia.

Nitajuaje kazi imefanyika vizuri?

Mwite mtu asiyejua lolote kuhusu ugonjwa wako, hata jirani kwa sehemu zisizo za siri, mwambie atafute kreatini ya mwisho na karatasi ya kulazwa mara ya mwisho. Akihangaika zaidi ya dakika mbili, faili bado. Usiku ukipelekwa dharura, atakayelifungua ni daktari ambaye hajawahi kukuona.

Ukurasa wa kwanza uwe na jina kamili kama la NIDA, tarehe ya kuzaliwa, ugonjwa na mwaka ulipogundulika, dawa za sasa, dawa zinazokudhuru, upasuaji uliofanyiwa, kifaa chochote kilichomo mwilini, na simu za watu wawili. Kundi la damu liandikwe ukipenda, ingawa hospitali itapima upya kabla ya kukuongezea. Chini kabisa iandikwe tarehe ukurasa ulipoandikwa, na dawa ikibadilika ule wa zamani uchanwe. Kopi moja ikae kwenye pochi, nyingine kwa yule utakayempigia kwanza ukizidiwa.