Kuinua Prado Kuukuu: Yasemwayo Gereji na Ukweli Wake

Peleka Prado ya mwaka 1998 inayogusa matuta kwenye gereji yoyote ya Nakuru, na kabla fundi hajainama kuichungulia utaambiwa uiinue inchi mbili, au tatu mfuko ukiruhusu. Atakayelipia maneno hayo ni mwenye gari la kupeleka watoto shule na kumtembeza nyanya hadi Molo.

Wanasema gari limekuwa chini kwa hiyo liinuliwe. Mara nyingi limelala tu. Springi zilizobeba familia zaidi ya miaka ishirini hunywea, na upande wa dereva huwa wa kwanza. Lisimamishe mahali tambarare, uchukue tepu, upime toka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, kona zote nne. Usipime toka ardhini, maana upepo wa tairi utakudanganya. Kona zikipishana, tatizo lako ni uchakavu. Kagua bushi (mipira ya kwenye viungo) pia, halafu boljointi ya chini ya mbele, kile kiungo cha duara kinachoshika gurudumu: kwenye Prado za mfululizo wa 90 (1996 hadi 2002) uzito wa gari huivuta ifunguke, na ikiachia, gurudumu hulala ubavu. Pesa ya kwanza iende hapo.

Dhana inayopoteza pesa nyingi ni kwamba inchi mbili za springi ni inchi mbili chini ya difu, lile bonge la gia linalogawia magurudumu nguvu. Kwa nyuma, sivyo kabisa. Difu ya nyuma imo ndani ya ekseli, na ekseli imeegemea magurudumu. Springi huinua bodi na fremu, difu ikabaki palepale kusubiri jiwe. Kinachoipandisha ni tairi. Ukitoka 265/70R16 ukaenda 265/75R16, kipenyo huongezeka karibu milimita 27, lakini difu hupanda nusu yake tu, kama milimita 13. Spidomita nayo itasoma pungufu: ikionyesha 100, unakwenda kama 103. Ajue hilo mapema anayepita njia za Mau Narok zilizochimbwa na matrekta, zenye tuta katikati.

Difu ya mbele hupanda kweli, kwa kuwa imefungwa kwenye fremu. Gharama yake hulipwa na shafti zinazozungusha magurudumu. Kupita milimita 50 hivi, jointi za CV, viungo vya shafti hizo, huzunguka zikiwa zimepinda sana, mipira yake hupasuka mapema, na fundi wa alainmenti hukosa nafasi ya kusimamisha magurudumu sawasawa. Kwa gari la familia mimi ningeishia milimita 40, hasa likiwa linapita kona za Londiani na mizigo juu ya keria.

Springi ngumu nayo husifiwa kuwa imara. Springi huchaguliwa kwa uzito. Ile iliyotengenezewa bampa ya chuma na winchi, ukiifunga kwenye gari lisilo na vitu hivyo, itapandisha kuliko ulivyoahidiwa na kuwarusha wanaokaa nyuma. Mwambie muuzaji unachobeba siku za kawaida, sio unachoota kubeba. Spesa, kipande kinachoongezwa kwenye springi ya zamani, ni rahisi zaidi, ila springi iliyochoka hubaki imechoka, na shokapu hufika mwisho wa kunyooka upesi. Ndio kile kishindo unachosikia gurudumu likidondoka shimoni.

Na udongo mweusi wa Ahero mvua ikinyesha? Huo hauulizi urefu. Hujaza meno ya tairi mpaka likawa kama kinu. Tairi za meno makubwa na upepo uliopunguzwa zitakusaidia zaidi.

Kuna pia wanaoamini kazi imekwisha springi zikishaingia. Mwambie fundi aache magurudumu yaning'inie, kisha atazame mipira ya breki kama imekazika. Baadhi ya magari haya yana vali ya breki za nyuma inayopima mzigo kwa kijiti kilichoungwa na ekseli. Gari likiinuliwa, vali hudhani halina mzigo, ikapunguza nguvu ya breki za nyuma hata ukiwa umejaza watu saba. Kijiti hicho kirekebishwe siku hiyohiyo, pamoja na alainmenti na taa, ambazo sasa zinawamulika machoni wanaotoka Kericho. Baada ya kilomita elfu moja hivi, springi zikishakaa, toa tena tepu upime, na nati zikazwe upya.