Je, wajua kwa nini mwana wa sungura dume huuzwa kama jike?

Mfugaji wa Kadutu au Bagira, mjini Bukavu, huweza kununua wana wawili wa sungura wenye umri wa mwezi mmoja, akaambiwa kwamba wote ni majike, kisha miezi mitano baadaye akakuta wachanga ndani ya kibanda. Muuzaji si lazima awe mwongo, kwani sungura dume huzaliwa korodani zake zikiwa bado ndani ya tumbo.

Jinsia yenyewe huwa imekwisha kuamuliwa mapema: mimba ya sungura huchukua siku 31 hivi, na kufikia siku ya 16 tezi za uzazi huwa zimeanza kujipambanua kuwa korodani au ovari. Baada ya kuzaliwa, korodani hukua polepole kuliko mwili, hadi wiki ya tano, ambapo huanza kukua kwa kasi kubwa. Kati ya siku ya 40 na ya 50 mirija myembamba iliyomo ndani yake huanza safari ya kutengeneza mbegu, na mbegu za kwanza huonekana katika manii yapata siku ya 110. Tezi zinazotoa majimaji ya manii hukua pia, ila kwa mwendo wa taratibu zaidi.

Korodani hushuka karibu na mwezi wa tatu, zikaingia katika mifuko miwili iliyo mbele ya uume, mpangilio ambao ni nadra kwa wanyama wanaobeba mimba kwa kondo la nyuma. Njia zinamopita haizibi maisha yote, na ndiyo maana hata dume aliyekomaa, akiingiwa na hofu, huweza kuzirudisha tumboni.

Jambo linaloniumiza ni hili: dume huanza kuwapanda wenzake akiwa na siku 60 au 70 tu, yaani wiki kadhaa kabla ya kuwa na mbegu. Mfugaji anayemwona hivyo humpelekea jike, jike hashiki mimba, na mwishowe jike mzima huchinjwa kwa kuitwa tasa. Inafaa dume asubiri hadi wiki ya 20, naye hufikia nguvu yake kamili ya kutoa mbegu karibu na wiki ya 32. Baridi ya Bukavu, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, humsaidia, kwa sababu joto la kupita nyuzi 30 huharibu mbegu. Lakini kibanda cha mabati kilichopigwa na jua la mchana huiondoa faida hiyo.

Kwa mwana ambaye korodani zake hazijashuka, mshike chali kwa upole, ubonyeze kidogo pembeni mwa tundu la uzazi: la dume hutokeza likiwa la mviringo, na la jike ni mpasuko unaoelekea mkunduni.