Mwani na asidi ya bahari: kazi ya mchana, deni la usiku

Chukua ganda la kombe, litumbukize kwenye kikombe cha siki, kisha kaa ulitazame. Hazipiti dakika nyingi utaona mapovu madogo yakipanda. Yale mapovu ni hewa ya ukaa inayotoka kwenye chokaa ya ganda, na ganda lenyewe linayeyuka. Liache mpaka asubuhi, ukilipangusa kwa kidole linaacha unga mweupe. Watu wa pwani hawana haja ya kufundishwa kwamba ganda na tumbawe ni chokaa. Wazee wetu wamechoma matumbawe tanurini karne na karne, na kuta za Mji Mkongwe zimeshikana kwa chokaa hiyo hiyo. Linalohitaji maelezo ni kwamba bahari yenyewe, polepole sana, inasogea kuelekea upande wa siki.

Bahari haijawa siki, wala haitakuwa. Wanasayansi hupima ukali wa asidi kwa kipimo kiitwacho pH: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alikali. Kabla ya viwanda kuanza kuchoma makaa ya mawe na mafuta, maji ya juu ya bahari yalikuwa na wastani wa takriban 8.2. Leo ni kama 8.1. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kipimo hiki hakihesabiwi kama rula. Kila hatua moja nzima ni mara 10, kwa hiyo kushuka kwa 0.1 tu ni ongezeko la karibu asilimia 26 la chembe za haidrojeni zinazofanya maji yawe na asidi. Chanzo chake ni hewa ya ukaa. Angani ilikuwa sehemu 280 katika milioni, sasa imepita 420, na takriban robo ya ile tunayoizalisha kila mwaka inamezwa na bahari. Ikiingia majini inageuka asidi hafifu, na chembe za asidi hiyo hunyakua kaboneti, ambayo ndiyo tofali la matumbawe, chaza na konokono wa baharini. Tofali likiadimika, ujenzi unakuwa mgumu.

Mwani nao unaingiaje? Hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa, kwa sababu neno letu moja, mwani, linabeba mimea ya tabia tofauti kabisa.

Upo mwani laini, kama spinosamu inayofungwa kwenye kamba Paje na Jambiani tangu kilimo hiki kilipoanza Zanzibar mwaka 1989. Mwani huu hauna ganda. Unakula hewa ya ukaa kama mgomba unavyofanya shambani, na aina nyingi zina ujuzi wa ziada: zinaweza kutumia baikaboneti, ambayo ndiyo sehemu kubwa kabisa ya kaboni iliyoyeyuka baharini. Hewa ya ukaa yenyewe ni kama asilimia 1 tu ya kaboni hiyo. Kwa hiyo bahari ikipokea hewa ya ukaa zaidi, baadhi ya mwani laini hupata nafuu kidogo, na mwingine hauoni tofauti kwa kuwa chakula haukupungukiwa tangu mwanzo.

Na upo mwani wa chokaa. Ule wa kijani wenye vibamba vilivyopangana kama sarafu, uitwao Halimeda, utauona ukitembea Ghuba ya Chwaka maji yakipwa. Ukifa vibamba huachana, vikapauka, vikasagika, na sehemu ya mchanga mweupe unaoukanyaga pale ni mabaki yake. Mwingine ni wa waridi, mgumu kama jiwe, umetanda juu ya miamba kama rangi iliyomwagika. Wapita njia hudhani ni jiwe tu. Huu wa waridi naupenda kuliko wote na ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Ndio saruji ya mwamba: unaunganisha vipande vya matumbawe visisambaratishwe na mawimbi, na watoto wa matumbawe wanaoelea majini huutafuta ili watue juu yake waanze kukua. Ila chokaa yake ina magnesiamu nyingi, na chokaa ya namna hiyo huyeyuka upesi kuliko nyingine. Bahari ikizidi asidi, saruji hii itaathirika mapema.

Hilo limeonekana kwa macho. Karibu na kisiwa cha Ischia, Italia, hewa ya ukaa hububujika kutoka sakafu ya bahari kwa sababu ya volkano. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulifuata miamba kutoka maji ya kawaida hadi kwenye mabubujiko. Kadiri watafiti walivyosogea, mwani wa chokaa ulipungua hadi ukatoweka, konokono walikutwa na makombe yaliyolika, na nyasi za bahari zilikuwa zimestawi. Maji ni yale yale, mmoja anashiba, mwingine anayeyuka.

Mpaka hapa nimesema asidi inavyoufanyia mwani. Upande wa pili ni mwani unavyoifanyia asidi.

Jua likichomoza, mwani na nyasi za bahari huanza kuvuta hewa ya ukaa kutoka majini. Ikipungua, asidi inapungua na pH inapanda. Kwenye maji ya kina kifupi, yenye nyasi nyingi na mkondo dhaifu, mabadiliko ya nusu hatua ya pH ndani ya siku moja si jambo la ajabu. Ni makubwa kuliko yote yaliyotokea kwa wastani wa bahari tangu enzi za viwanda. Chwaka hapo hapo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walifungia maji pamoja na nyasi za bahari na mwani wa chokaa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: nyasi ziliipandisha pH ndani ya saa chache tu, na aina moja ya mwani wa waridi ikajenga chokaa kwa kasi ya zaidi ya mara 5. Jirani mwenye majani alimjengea nyumba jirani mwenye ganda.

Kisha giza likaingia. Mmea usio na mwanga hautengenezi chakula, ila kupumua hauachi, na anayepumua hutoa hewa ya ukaa. Usiku kucha mwani, nyasi, samaki na bakteria wa matopeni wanairudisha, na pH hushuka hadi chini kabisa karibu na alfajiri. Ndiyo maana napinga vikali tabia ya kupima maji saa nane mchana na kutangaza kwamba bahari ya hapa ni salama. Anayetaka kujua hali ya ghuba aamke kabla ya adhana ya alfajiri akapime, kisha arudi alasiri.

Utaniuliza, kama viumbe hawa wamezoea kupanda na kushuka kila siku, 0.1 ya dunia inawatisha nini? Ni kwamba ngazi nzima imeshushwa. Mchana haufiki juu kama zamani, na alfajiri inazama zaidi, na kwa kiumbe wa chokaa saa za hatari ni zile za alfajiri.

Zipo pia asidi tunazojitengenezea wenyewe ufukweni. Majitaka yanarutubisha maji, mimea midogo ya kijani inafumka, ikifa inaoza, na kuoza huzalisha hewa ya ukaa. Utafiti wa mwaka 1995 nje ya mji wa Zanzibar ulikuta mwani wa chokaa ukipungua kadiri unavyokaribia mji na majitaka yake. Kosa kubwa pale liliwekwa kwa fosfeti, rutuba iliyomo kwenye majitaka, lakini mwani haubagui mateso: ukidhoofishwa na moja, la pili linaukuta hauna nguvu. Kuzuia majitaka ni jambo tunaloweza kulifanya bila kusubiri mkutano wowote wa mataifa.

Sasa nirudi kwa akina mama wa mwani, kwa sababu siku hizi wanaambiwa kwamba mashamba yao yanasafisha bahari na kuondoa kaboni. Nusu yake ni kweli. Shamba lenye mwani mnene hupunguza asidi mchana, mahali pale pale, maji yakiwa yametulia. Mkondo ukija unaichukua faida hiyo na kuitawanya. Mwani ukivunwa baada ya wiki sita hivi, kaboni iliyomo inatoka majini pamoja nao, lakini haifukiwi popote. Unakaushwa, unasafirishwa, unakamuliwa karajinani ya kuzidishia uzito dawa ya meno na aiskrimu, na hatimaye kaboni inarudi angani. Mtu akikuuzia maneno kwamba kamba zako zinaihifadhi kaboni milele, mwulize inakaa wapi.

Na adui wa leo wa mkulima si asidi, ni joto. Kotonii, aina yenye bei nzuri kuliko spinosamu, imekuwa ikifa kwenye maji ya kina kifupi. Maji yakipwa mchana wa kaskazi, yale yanayobaki shambani yanaweza kupita nyuzi 35. Matawi yanapauka, yanalainika, yanakatika kwenye tai-tai, vile vijikamba vya kufungia mwani, na kazi ya bamvua nzima inaelea hadi ufukweni. Hewa ya ukaa ya ziada haiwezi kuutibu mwani uliochemshwa.

Ombi langu kwa wanaofungua mashamba mapya ni moja: msing'oe nyasi ili kupata nafasi ya vigingi. Vipimo vilivyofanyika Zanzibar vimeonyesha nyasi chache chini ya mashamba kuliko pembeni, na nyasi zile ndizo zinazowainulia pH chaza na mwani wa chokaa wa jirani. Tafuteni peupe penye mchanga, na nyasi za kando ziachwe.

Kwa kotonii, njia inayoonyesha matumaini ni kuhamia kwenye maji ya kina yenye ubaridi, kwa kutumia nyavu zenye umbo la bomba au kamba zinazoelea. Lakini wakulima wengi ni wanawake waliozoea kufanya kazi maji yakiwa magotini, na wengi wao hawajui kuogelea. Mradi wa namna hiyo uanze na mafunzo ya kuogelea na chombo kilicho imara, kamba na mbegu zifuate baadaye.