Majina ya koo za Korea: yanayosemwa na yaliyotokea

Anayefuatilia tamthilia za Kikorea huchanganyikiwa mapema: daktari ni Kim, mgonjwa ni Kim, na mwendesha mashtaka naye ni Kim. Hapo ndipo maelezo ya mkato huanza kusambaa, mengi yakiwa nusu kweli. Hapa nayapima hasa kwa ukoo mmoja, Kwon wa Andong. Kitabu chao cha nasaba, jokbo kama kinavyoitwa huko, ndicho cha zamani zaidi kati ya vilivyosalia Korea, na karibu kila zama ya nchi hiyo imegusa majina yao.

Dhana: wenye jina moja la ukoo ni ndugu

Si lazima. Sensa ya 2015 ilihesabu akina Kim zaidi ya milioni 10 Korea Kusini, lakini Kim peke yake haitoshi kumjua mtu. Kila jina huenda na bongwan, yaani mahali anakohesabiwa kutoka babu mwanzilishi. Kim wa Gimhae humtaja mfalme Suro wa Gaya, ufalme wa kale. Kim wa Gyeongju humtaja Kim Alji wa Silla, ufalme mwingine wa kale. Hao ni wazee wawili wasiohusiana.

Kinyume chake pia kipo. Kim wa Gimhae na Heo wa Gimhae wana majina tofauti, ila kwa jadi ni damu moja, kwani masimulizi yanasema Suro aliruhusu wanawe wawili wachukue jina la mama yao, malkia Heo Hwang-ok. Kwa karne nyingi koo hizo mbili hazikuoana.

Dhana: majina ya kale hayakuguswa hadi Wajapani walipofika

Babu wa kwanza wa akina Kwon wa Andong alizaliwa Kim. Mwaka 930, Wang Geon, mwanzilishi wa dola ya Goryeo, alipigana na Gyeon Hwon wa Baekje ya Baadaye kwenye mji wa Gochang. Mkubwa mmoja wa pale, Kim Haeng, alisimama upande wa Wang Geon, na ushindi ulipopatikana akatunukiwa jina jipya: Kwon. Mji nao ukabadilishwa jina ukawa Andong. Ukoo mzima, na majenerali na wanazuoni wake wote, umeanzia kwenye zawadi hiyo ya kisiasa.

Kwon wa Yecheon hawana babu mmoja na hao. Wao waliitwa Heun. Mwaka 1344 alitawazwa mfalme Chungmok, ambaye jina lake la kuzaliwa liliandikwa kwa herufi hiyo hiyo, na raia hakuruhusiwa kushirikiana jina na mfalme. Ikabidi waliache lao, wakachukua la ujombani, ambako walikuwa Kwon. Kwa hiyo ukoo huo, katika nchi inayosifika kwa kufuata upande wa baba, unatembea na jina la upande wa mama hadi leo.

Dhana: kila Mkorea ana nasaba ya miaka elfu

Hii naiona ndiyo inayowaonea watu wengi zaidi, kwa sababu inawafuta waliokuwa chini. Kwa sehemu kubwa ya enzi ya Joseon, iliyoanza 1392, jina la ukoo na jokbo vilikuwa alama ya wenye cheo, na watumwa wengi waliitwa kwa jina moja tu. Mwaka 1801 serikali ilichoma daftari za watumwa wake zaidi ya 66,000. Utumwa wenyewe ulifutwa 1894. Kisha sheria ya uandikishaji ya 1909 ikamtaka kila mtu awe na jina la ukoo. Wasiokuwa nalo wengi walichagua majina makubwa yaliyokwisha heshimika, kama Kim, Yi na Park, na wengine walichukua la bwana wao wa zamani. Kabla ya hapo jokbo zilikuwa zikiuzwa, na majina ya watu wasiohusika yakipenyezwa ndani kwa malipo, maana aliyeonekana kuwa wa tabaka la juu aliepuka kodi ya jeshi. Sioni aibu katika hilo. Mtu aliyezaliwa bila babu anayetambulika alijitafutia babu.

Dhana: wazazi humpa mtoto jina walipendalo

Siku hizi wengi ndiyo. Lakini kwa mapokeo silabi moja kati ya mbili za jina la mtoto wa kiume hupangwa na ukoo kwa kizazi kizima. Koo nyingi hufuata mzunguko wa mti, moto, udongo, chuma na maji. Akina Kwon wa Andong wao hufuata hesabu, ambapo herufi ya kizazi huwa na tarakimu, wazi au iliyofichwa ndani ya mwandiko. Ndiyo maana wanaume wengi huitwa Kwon Oh-hivi na Kwon Oh-vile, kama Kwon Oh-hyun aliyekuwa mtendaji mkuu wa Samsung Electronics: hiyo “Oh” ni tano. Wawili wasiojuana wakikutana, majina yao hueleza nani amtendee mwenzake kama baba mdogo, hata kama huyo baba mdogo ndiye kijana.

Dhana: wanawake hawakuhesabiwa kamwe

Fungua jokbo ya Kwon wa Andong ya mwaka 1476. Watoto wameandikwa kwa mpangilio wa kuzaliwa, binti akitangulia kaka yake ikiwa yeye ndiye mkubwa. Binti anatajwa kupitia mumewe, lakini wanawe wanafuatwa, na wajukuu, na vitukuu, hata sehemu kubwa ya waliomo kitabuni si Kwon kwa jina. Mjane aliyeolewa tena, mume wa pili kaandikwa bila kificho. Utangulizi uliandikwa na mwanazuoni Seo Geo-jeong, ambaye mama yake alikuwa Kwon. Enzi hizo mabinti walirithi sawa na kaka zao. Mambo yalibana baadaye, hasa kuanzia karne ya 17, wana wa kiume walipowekwa mbele na uzao wa mabinti ukapunguzwa vitabuni.

Kwa hiyo Mahakama ya Juu ya Korea Kusini ilipoamua, Julai 2005, katika kesi ya mabinti wa ukoo wa Yi wa Yongin, kwamba wanawake nao ni wanachama kamili wa jumuiya ya ukoo, waliolalamika kuwa jadi inavunjwa walikuwa wakitetea jadi changa kuliko kitabu hicho.

Na mke hachukui jina la mume. Hubaki na la baba yake.

Dhana: mwaka 1940 Wajapani waliwapa Wakorea wote majina ya Kijapani

Amri ya Wajapani, waliokuwa wakiitawala Korea kama koloni, iliyoanza kutumika 11 Februari 1940 iliipa kila familia miezi sita kuandikisha jina la nyumba kwa mtindo wa Kijapani. Kwa maneno ilikuwa hiari. Shuleni na maofisini ilikuwa shinikizo, na takriban asilimia 80 ya familia ziliandikisha. Ambaye hakuandikisha hakubaki salama: jina la mkuu wa nyumba liligeuzwa la familia nzima, na mke akapoteza lake kisheria. Huko ndiko kulikokuwa na pigo lenyewe, kwa sababu kabla ya hapo bibi, mama na mke ndani ya nyumba moja walikuwa na majina ya koo zao.

Watu waliificha asili yao ndani ya majina mapya. Baadhi ya akina Kwon waliandikisha herufi zilezile za Andong, zikisomwa Kijapani. Mshairi Yun Dong-ju, ili aweze kwenda kusoma Japani, aliandikishwa Hiranuma mnamo Januari 1942. Siku chache kabla alikuwa ameandika shairi la kujutia. Alifia gerezani Fukuoka Februari 1945. Majina ya awali yalirudishwa kwa amri ya Oktoba 1946.

Sohn Kee-chung, bingwa wa marathoni wa Berlin 1936, hahusiki na amri hiyo ingawa hutajwa sana. “Kitei Son”, alivyoandikishwa huko Berlin, ni jina lake lilelile lililosomwa Kijapani, miaka minne kabla.

Dhana: sheria inakataza watu wa ukoo mmoja kuoana

Ilikataza. Mahakama ya Katiba iliikataa 1997, ikafutwa rasmi 2005. Ndugu wa karibu bado hawaruhusiwi.

Dhana: orodha ya koo imefungwa

Kila mgeni anayepata uraia anaweza kuanzisha jina na bongwan yake. Wilson Loyanae Erupe, mkimbiaji wa Turkana aliyeshinda marathoni ya Seoul zaidi ya mara moja, alipata uraia wa Korea Kusini 2018. Alichukua Oh, jina la kocha wake, akajiita Oh Joo-han, na bongwan yake ni Cheongyang, wilaya aliyoiwakilisha mashindanoni. Mwanzilishi wa ukoo wa Oh wa Cheongyang ni Mkenya.