Umri wa uanachama hauendeshi idara

Juzi nimeletewa tena sauti ya dakika sita, saa tano za usiku, kutoka kwa mzee ninayemheshimu sana katika klabu yetu ya WhatsApp na Facebook ya mashabiki wa TP Mazembe, timu ya mpira ya hapa Lubumbashi. "Miye niko humu tangu mwanzo. Huyu mutoto amekuja juzi tu. Juu ya nini munamupa Habari?" Yaani, kwa nini tumempa kuongoza Habari, idara yetu ya matangazo. Maneno hayo nimeyasikia kwa miaka, kutoka kwa watu tofauti, na kila mara nimejibu kwa upole mmoja mmoja. Safari hii nayaandika, ili atakayeuliza kesho nimtumie.

"Huyu mutoto" ni dada wa mtaa wa Katuba aliyeingia kwetu miezi mitano iliyopita. Wakati anaingia, idara ya Habari ilikuwa inatuaibisha. Kila mtu hapa Lubumbashi anajua kwamba saa yetu iko mbele ya saa ya Kinshasa kwa saa moja, ila kujua ni jambo moja na kutangaza ni jingine. Mechi ya ugenini ikipangwa saa 15:30 kwa saa ya Kinshasa, kwetu ni 16:30. Mtu wa Habari aligeuza vizuri, akaandika 16:30. Mwenzake akalichukua tangazo lile lile, akadhani bado ni saa ya Kinshasa, akaongeza saa nyingine juu yake na kulisambaza: 17:30. Papa mmoja, baba mtu mzima wa mtaa wa Ruashi, alirudi kutoka kazini, akala, akawasha redio kwa wakati tuliompa sisi, akakuta kipindi cha pili ndiyo kinaanza. Alinipigia simu. Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma.

Kuanzia mechi iliyofuata, yule dada, bila cheo na bila kutumwa, akawa anaandika mstari mmoja chini ya kila tangazo: "Kinshasa 15:30, Lubumbashi 16:30." Mechi ikiahirishwa, anafuta mstari wa zamani na kuandika mpya, haachi ule wa kwanza ukizungukazunguka na kupotosha watu. Baada ya mwezi mmoja nikaona watu wanauliza, "Yaya wa saa ameshaandika?" (yaya kwetu ni dada mkubwa.) Walikuwa hawaliamini tangazo letu mpaka mstari wake uonekane. Kwa hiyo tulipompa idara, kazi alikuwa anaifanya tayari. Tuliochelewa ni sisi.

Wanaonilalamikia wanaamini kwamba cheo ni malipo ya uvumilivu: umekaa miaka minane, umetuma picha nyingi, umelia nasi tulipofungwa, basi upewe kitu. Naelewa moyo huo. Lakini mkuu wa Habari anapewa deni. Anadaiwa tangazo kabla ya kila mechi, kikosi kikitoka, matokeo, na masahihisho pale alipokosea. Ukimpa deni hilo mtu aliyetaka shukrani, atalipokea kwa furaha, ataandika cheo chini ya jina lake, na wiki ya tatu utamtafuta humwoni. Wala si mtu mbaya. Tumemkosea kwa kumpa kazi alipokuwa anangoja asante.

Idara zenyewe sitazieleza sana. Tuna Habari, Mapokezi, Nidhamu, Hazina, Safari na Picha. Idara isiyokuwa na kazi ya kila wiki inafungwa. Tuliwahi kuwa na idara ya Uhusiano yenye mkuu mmoja na manaibu wawili, na hakuna aliyeweza kunieleza walifanya nini Jumatatu hadi Jumapili. Tuliifunga na hakuna kilichopungua. Hazina ina watu wawili siku zote, mmoja ana simu ya Airtel Money, mwingine ana daftari, na hawatoki nyumba moja. Kila Ijumaa picha ya salio inawekwa mbele ya wote. Zamu ni miezi sita, halafu wanabadilishana na wengine hata kama walifanya vizuri. Hilo halina mjadala.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha usingizi: watu kuchanganya ukuu wa idara na uadmini.

Kwenye kundi la Facebook kuna ngazi mbili. Admini ana yote. Moderata anaweza kukubali machapisho na kuondoa wanachama, lakini hawezi kumgusa admini wala kumweka mwingine. Hiyo ni ngazi ya kweli, mtu anaweza kupanda hatua moja tukamwona anavyotembea. WhatsApp haina hiyo. Kule ngazi ni moja tu: uko admini au huko. Na admini yeyote, hata aliyewekwa dakika kumi zilizopita, anaweza kumvua uadmini mwenzake, kuwaweka rafiki zake, na kuwatoa wanachama. Asiyeweza kuvuliwa ni mmoja tu, yule aliyefungua kundi.

Watu wanaiona hiyo kama alama ya heshima pembeni ya jina. Kumbe ni panga.

Mwaka 2019 kundi la WhatsApp lilikuwa haliwezi kupita watu 256, kwa hiyo tulikuwa na makundi matatu na yote yamejaa. Tukamfanya mwanachama wetu mmoja wa zamani admini wa kundi la pili. Sababu yetu tuliisema waziwazi: "amekaa sana." Miezi miwili baadaye akagombana na naibu wa Nidhamu juu ya ujumbe uliofutwa, ujumbe wa kijinga tu, nao ulistahili kufutwa. Saa nane za usiku simu yangu ikaanza kutetemeka mezani. Nikaiwasha. Mistari ile midogo ya kijivu ilikuwa inapanda mmoja juu ya mwingine: fulani amemwondoa fulani, fulani amemwondoa fulani. Kwanza maadmini wenzake, halafu waliowatetea, halafu waliokuwa wameweka tu alama ya kucheka. Nikajaribu kumwandikia kundini, nikakuta na mimi nimeshatolewa. Kundi liliokoka kwa sababu aliyelifungua alikuwa mji wa Likasi, amelala, na hakuna awezaye kumvua. Alipoamka alfajiri akamvua yule aliyetutoa, akaanza kuturudisha kwa mkono, mmoja baada ya mwingine. Waliotolewa bila kosa, kuna ambao hawakurudi kabisa. Nawaona sokoni kwenye mtaa wetu wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, hadi leo, tunasalimiana, hatuongelei mpira.

Tangu siku hiyo sheria yetu ya kwanza ni hii: mkuu wa idara si admini. Maadmini ni watatu, pamoja na mfunguaji, na hakuna kati yao anayeongoza idara. Mkuu wa Nidhamu anataka mtu atolewe? Anaandika sababu kwa admini, admini anasoma, anatoa au anakataa. Inachelewesha, ndiyo. Ule ucheleweshaji wa nusu saa ndio tunaoutaka, maana hasira nyingi za mpira haziishi nusu saa.

Lakini kuna sehemu sijaipatia dawa. Tangu 2022 kundi linaweza kubeba watu 1,024, tukaunganisha makundi yetu, tukafungua na kundi la matangazo ambamo wanaotuma ni maadmini peke yao. Sasa mkuu wa Habari atatangazaje bila kuwa admini humo? Haiwezekani. Nikimpa nafasi ya kutangaza, nimempa na panga. Kwa hiyo yule dada wa Katuba ana uwezo wa kuwatoa watu wote wa kundi la matangazo kwa usiku mmoja, na kinachotulinda ni tabia yake peke yake. Sheria yangu inavuja hapo, na anayenishambulia kwa hilo ananishambulia kwa haki.

Ndiyo maana majaribio yetu tunayahesabu kwa mechi, hatuhesabu siku. Mtu anashika kazi ya idara mechi sita bila jina la cheo, na lazima moja iwe tuliyofungwa. Kama hatujafungwa, anangoja. Wengine wanaona ni ukatili. Mimi nimeona watu wapole wa miezi mingi wakageuka kwa usiku mmoja baada ya kufungwa na Lupopo, mahasimu wetu. Mji huu ni mmoja. Klabu zote mbili zilizaliwa 1939, na hapa kuna nyumba ambayo baba anavaa nyeusi na nyeupe, mtoto anavaa buluu na njano, na wote wanakula bukari, ugali wetu, kutoka sahani moja. Kijana wa Nidhamu anayeacha tusi la mama wa mtu wa Lupopo likae kundini usiku kucha kwa sababu na yeye ana uchungu, huyo kazi bado. Dada wa Katuba usiku wa namna hiyo aliandika matokeo, majina ya wafungaji wao bila kupotosha hata moja, na saa ya mechi inayofuata. Mistari minne. Mimi mwenyewe nisingeweza usiku ule.

Na bado nina mashaka. Mechi sita zinampendelea mwenye umeme na mwenye mega, yaani bando la intaneti. Kuna baba wa Kampemba anayefanya zamu ya usiku mgodini; simu yake inawaka asubuhi, na mara nyingi ameshapitwa. Angekuwa mkuu wa Mapokezi mzuri kuliko wote, namwona anavyowakaribisha wageni kwa majina yao. Kwa kipimo changu anashindwa kila mara. Tumeanza kumhesabia kazi ya asubuhi kama kazi ya usiku, lakini wengine wanasema nimempindishia sheria, na sina jibu linalowatosha. Shaka nyingine ni kwamba watu wazuri wakipandishwa wanachoka. Aliyekuwa anafanya kwa mapenzi anaanza kufanya kwa lazima. Nimewapoteza wawili hivyo, na mmoja aliniambia angebaki kama nisingempa cheo.

Kuhusu wazee. Sijawahi kusema miaka yao si kitu. Yule Papa aliyeniletea sauti, wiki chache nyuma vijana wa Picha walitengeneza bango: "Mazembe, bingwa wa Afrika 1967, 1968, 2009, 2010, 2015." Yeye ndiye aliyewasahihisha kwamba mataji mawili ya kwanza timu ilikuwa inaitwa Englebert. Akawaeleza fainali ya 1967 na Asante Kotoko, sare mbili, 1-1 na 2-2, halafu ikapangwa mechi ya tatu, Waghana hawakutokea, kombe likabaki kwetu. Vijana wale 2010 tulipoipiga Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi, kwenye Kombe la Dunia la Klabu, walikuwa bado wanasoma shule ya msingi. Hiyo 1967 hawakuwahi kuisikia. Ujuzi huo hauwezi kupatikana kwa mechi sita, wala kwa mega za nchi nzima.

Kwa hiyo nimemjibu hivi, na ninaandika hapa ili wote walione: Papa, Habari inabaki kwa dada. Nakuomba wewe ushike Kumbukumbu, idara mpya, yenye kazi moja ya kila wiki, tarehe moja na hadithi yake, Jumatano kabla ya jua kuzama. Utashika mechi sita bila cheo kama wengine. Sauti inatosha, huna haja ya kuandika. Dada wa Katuba amekubali kuyaweka maneno yako kwenye maandishi. Ukichoka utasema, na hakuna atakayekudharau.

Hajajibu. Ameweka alama mbili za buluu.

Zamu ya Hazina inaisha mwisho wa mwezi huu. Wanaotaka kujaribu wamwandikie mkuu wa Mapokezi, wasiniandikie mimi, na wasitaje mwaka walioingia.