Tundu la kalibu si kaliba ya bastola (na acheni kumsingizia Mjerumani)

Wiki hii nimetumiwa picha nne. Zote za koleo la chuma lenye kutu, zote zimepigwa juu ya gunia, na ujumbe ni uleule: "Fundi, hii kalibu ya risasi ya Mjerumani, nimepima tundu ni 38. Inauzwaje?" Kalibu ni chuma chenye tundu la kusubia risasi; kaliba ni kipimo cha unene wa risasi au mtutu. Picha ya nne iliingia saa nne usiku. Nikaona niandike mara moja, atakayeuliza tena nimtumie hii nilale.

Mimi ni mkereza vyuma hapa Moshi. Kinachonilisha ni bushi, shafti na mapuli. Kalibu kuukuu ni ugonjwa wangu tu, ulioanza siku nilipoletewa moja nilegeze riveti yake nikakaa nayo wiki mbili, mwenyewe ananipigia simu sipokei.

Tumalizane kwanza na Mjerumani. Kwetu Kilimanjaro kila chuma kizee ni chake, na madalali wa rupia, zile sarafu zake, wamezidisha. Lakini askari wake walipewa risasi zilizokwisha kufungwa kwenye maganda kiwandani. Hata bunduki ya Mauser ya 1871, ile ya moshi mwingi ambayo askari wengi walikuwa bado nayo vita ilipoanza 1914, ilikuja na maganda yake tayari. Bastola yao ya P08 ndiyo kabisa, risasi yake imevaa koti la chuma. Kalibu ya mkono ni chombo cha mwenye gobori, au mwenye bastola ya zamani ya kushindiliwa kwa mbele, au mzungu wa shamba aliyekuwa akijijazia maganda mwenyewe. Na magobori yalikuwapo mlimani kabla ya bendera yoyote. Misafara ya pwani iliyaleta, Mangi Rindi wa Moshi na Mangi Sina wa Kibosho walikuwa nayo.

Sasa tundu, na hapa ndipo damu inaponichemka.

Mtu anachukua venia, ile rula ya kubana, anapima tundu, anapata milimita 9.6. Anagawa kwa 25.4, anapata 0.38 ya inchi. Anashangilia: bastola ya .38! Ndugu yangu, bastola ya .38 haipigi risasi ya 9.6. Inapiga ya kama 9.1. Hilo jina ni la kurithi. Risasi za .38 za mwanzo zilikuwa nene sawa na ganda lenyewe kwa nje, ni kisigino chake tu kilichopunguzwa kikaingia ndani. Baadaye risasi nzima ikaingizwa ndani ya ganda, ikabidi ikonde, jina halikukonda. Jina la .44 Magnum nalo ni la kurithi hivyohivyo, kwa kipimo ni .429 ya inchi.

Basi hiyo 9.6 yako ni ya nini? Mara nyingi ni ya bastola inayoitwa .36, kama Colt ya 1851, isiyotumia ganda. Gololi yake, yaani risasi ya duara, hufanywa kubwa kuliko chumba inachoingia, makusudi, ili ikishindiliwa inyolewe pete nyembamba ya risasi pembeni na kukaa imebana. Kwa hiyo kalibu ya .36 inakupa namba ya .38, na kalibu ya .38 inakupa namba ya .36. Msome tena kama hamjaelewa, mimi nilichukua mwaka mzima.

Kwa gobori mambo yanageuka. Huko gololi hufanywa ndogo kuliko mtutu, ipite hata mtutu ukijaa masizi, na karatasi au kitambaa kijaze nafasi. Ile bunduki ndefu ya Waingereza ya mtutu wa inchi .75, yaani milimita 19, ilikula gololi ya kama 17.5. Milimita moja na nusu nzima! Kwa hiyo kabla hujaniambia kipimo cha tundu, niambie kwanza umbo: ni duara au lina ncha? Lina mifereji ya mafuta kiunoni? Tundu la duara linaweza kuwa la gobori au la bastola, lenye mifereji mitatu si rahisi liwe la gobori la babu yako.

Halafu namba. Ukikuta "16" imegongwa ubavuni usikimbilie kusema milimita, ingawa ukipima utapata 16.8 na utajiona umeshinda. Hiyo ni hesabu ya kizamani: gololi 16 kutoka ratili (pauni) moja ya madini ya risasi. Namba ikipanda gololi inapungua. "54" kwenye kalibu ya bastola ya Adams ya Kiingereza ni milimita 11.2 hivi. Na usishangae ukikuta namba moja ileile kwenye mapande yote mawili ya kalibu, mfano 7 na 7. Hiyo si kaliba ya chochote. Fundi wa kiwandani aliigonga ili asichanganye mapande.

Kupima kwenyewe kuna ujinga wake. Kutu au masizi katikati ya mapande yakizuia yasifunge kwa moja ya kumi ya milimita, tundu linakuwa yai: pana upande mmoja, sawasawa upande mwingine. Na moja ya kumi ndiyo inayotenganisha .38, 9mm na .380 ya Webley, bastola ya Kiingereza. Zote tatu zimebanana kati ya 9.0 na 9.2. Ndiyo maana sipimi tundu, napima nakala yake. Natumia ile dawa ya mpira wanayochukulia alama za meno. Simwagi madini ya risasi yaliyoyeyushwa: moshi wake ni sumu, na kutengeneza risasi bila leseni ni kosa. Ukisubu kwa madini, kuna jambo jingine: risasi tupu husinyaa zaidi ikipoa kuliko iliyochanganywa na madini ya antimoni, kwa hiyo kalibu moja hutoa saizi mbili. Mwenye kalibu alitumia mchanganyiko gani miaka mia iliyopita? Hapo hata mimi nasema "labda", na majibu yangu mengi, niwe mkweli, yanaishia na labda. Mwaka juzi nilimwandikia mtu cheti kizuri kabisa cha "54", kumbe nilipima upande wa yai. Bado sijamwambia.

Usafi: mafuta ya taa, mswaki, subira. Kalibu nyingi "zisizo na alama" zina alama. Imejificha ndani ya mikono, au chini ya kile kisahani cha kukatia mkia wa risasi. Atakayeipitishia grenda asinipigie simu.

Na si kila chenye matundu ya umbo la risasi ni cha risasi. Kuna familia iliniletea ya shaba nyeupe, matundu kumi na mbili, imehifadhiwa kwenye kabati la bibi kama silaha ya ukoo. Imeandikwa "15 gr", yaani greni, kipimo kidogo cha zamani cha uzito, si gramu. Wamekwisha kokotoa kuwa ni uzito wa risasi ya bastola ndogo. Nikaangalia: hakuna kisahani cha kukatia, hakuna mfereji, tundu laini linachongoka taratibu mpaka ncha. Ndugu zangu, ile ni kalibu ya dawa za kuingiza nyuma. Gramu moja moja, kazi ya zahanati. Bibi alikuwa mhudumu wa misheni, waliniambia wenyewe, na bado hawakuunganisha. Mzee mmoja alicheka mpaka akashika ukuta. Kijana aliyeileta hajanisalimia tangu siku ile.

Picha zenu nne, basi. Ya kwanza na ya pili ni za gololi ya gobori, nahitaji nakala kabla sijasema zaidi. Ya tatu ni ya chubwi za nyavu, ona njia ya kamba inavyopita katikati ya tundu. Ulizeni wavuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Ya nne, ya saa nne usiku, ni koleo la kubania lakiri za mita. Nilimjibu mwenyewe asubuhi, kwa adabu.

Akaandika: "Sawa fundi. Mita za Mjerumani?"